Passé composé ya Kifaransa: avoir au être, na ile herufi «e» inayoongezwa hapa na kuondolewa pale

MwanaNjoro (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Ninasoma Kifaransa jioni baada ya kazi hapa Nakuru mjini, nikijiandaa kwa mtihani wa DELF (cheti cha Kifaransa kwa wageni wa lugha hiyo) wa kiwango cha A2, na ninaomba msaada wa yeyote anayeifahamu vizuri sarufi ya lugha hiyo. Katika sehemu ya kuandika, mtahiniwa hutakiwa kusimulia tukio au jambo alilolipitia, kwa hiyo hakuna namna ya kuukwepa wakati uliopita unaoitwa passé composé. Hivi majuzi tulipewa zoezi la kusimulia safari, nami nikaandika aya hii:

«Samedi dernier, je suis allée à Kisumu avec ma tante. Nous avons descendu du matatu à Kondele et nous avons marché jusqu'au marché de Kibuye. La robe que j'ai acheté était bleue. Avant de manger, ma tante s'est lavée les mains.»

Yaani, Jumamosi iliyopita nilienda Kisumu na shangazi yangu, tukashuka kwenye matatu Kondele, tukatembea hadi soko la Kibuye; gauni nililolinunua lilikuwa la buluu, na kabla ya kula shangazi alinawa mikono. Daftari lilirudi likiwa na masahihisho matatu ya wino mwekundu bila maelezo yoyote, na darasa limefungwa kwa likizo. «Nous avons descendu» imekuwa «nous sommes descendues». «Que j'ai acheté» imekuwa «que j'ai achetée». Na «s'est lavée les mains» imekuwa «s'est lavé les mains».

Kinachonitatiza ni kwamba masahihisho haya yanaonekana kupingana. Kitabu ninachotumia kinasema vitenzi vya mwendo huchukua kisaidizi être (kuwa), lakini «nous avons marché» haikuguswa, ingawa kutembea ni mwendo. Kinasema pia kwamba kitenzi kinachochukua être hupatana na kiima. Shangazi ni mwanamke, na «s'est» ni être, sasa mbona «e» yake imefutwa? Na kinasema kinachochukua avoir (kuwa na) hakipatani na kiima, ilhali mimi nimeongezewa «e» penye avoir. Je, kuna kanuni moja inayoyaeleza yote matatu, au ni mambo ya kukariri tu?

Mwalimu wa Milimani (Kisumu)

Dada MwanaNjoro (nakuita dada kwa sababu «je suis allée» yako tayari imetuambia kuwa aliyeandika ni mwanamke), masahihisho hayo yote ni sawa, na wala hayapingani. Yapo mambo machache ya kukariri, lakini yote matatu yanafunguka kwa swali moja ambalo ulilizoea tangu ukiwa sekondari, katika somo la Kiswahili: shamirisho kipozi ni lipi, na liko wapi? Wanafunzi wengi huliacha swali hilo mlangoni mwa darasa la Kifaransa kana kwamba ni mali ya Kiswahili peke yake, na hapo ndipo taabu yao inapoanzia.

Tuanze na muundo. Passé composé ina kitenzi kisaidizi, avoir au être, kikiwa katika wakati uliopo, kikifuatwa na kitenzi kikuu katika umbo liitwalo participe passé. Vitenzi vya -er hupata -é (acheter, acheté), vingi vya -ir hupata -i (finir, fini), vingi vya -re hupata -u (descendre, descendu), kisha kuna vile visivyofuata utaratibu ambavyo havina njia ya mkato: fait, pris, mis, vu, lu, bu, eu, été, dit, écrit, ouvert, venu, né, mort. Hivyo vikariri.

Sasa sahihisho la kwanza. Vitenzi vingi mno huchukua avoir. Vinavyochukua être ni kikundi kidogo, nacho walimu wengi hukionyesha kwa kuchora nyumba yenye mlango na ngazi ili mwanafunzi aone watu wakiingia, wakipanda, wakianguka na kutoka: aller, venir (pamoja na revenir na devenir), arriver, partir, entrer, rentrer, sortir, monter, descendre, passer, retourner, rester, tomber, naître, mourir. Kauli ya kitabu chako kwamba ni «vitenzi vya mwendo» inapotosha. Rester ni kubaki, hakuna mwendo wowote hapo, lakini kimo katika kikundi. Marcher, courir, nager na voyager ni mwendo mtupu, lakini vyote huchukua avoir, kwa kuwa vinaeleza namna ya kwenda tu, bila kumtoa mtu mahali fulani na kumfikisha pengine. Kwa sababu hiyo «nous avons marché» yako haina dosari. Vivyo hivyo utaandika «je suis née à Kakamega mais j'ai grandi à Njoro», kwa kuwa naître kimo katika kikundi na grandir hakimo.

Hapa ndipo shamirisho kipozi linapoingia. Baadhi ya vitenzi vya kikundi hicho, hasa monter, descendre, sortir, rentrer, retourner na passer, hubadili kisaidizi pale vinapopewa kipozi, yaani kitu kinachotendwa moja kwa moja bila kihusishi katikati. «Nous sommes descendues du matatu»: kuna kihusishi de kilichojificha ndani ya du, kwa hiyo matatu si kipozi, nanyi mlishuka wenyewe. «Nous avons descendu les bagages»: mizigo ni kipozi, mliishusha. Tazama Kiswahili kilivyofanya kazi hii kabla yako. Sisi hubadili kitenzi chenyewe, shuka ikawa shusha, panda ikawa pandisha, toka ikawa toa, rudi ikawa rudisha. Mfaransa huacha kitenzi kilivyo na kubadili kisaidizi. Ukijiuliza moyoni kama unataka kusema shuka au shusha, kwa sehemu kubwa utakuwa umeshachagua kati ya être na avoir. Nimesema kwa sehemu kubwa kwa sababu Mfaransa husema pia «j'ai descendu l'escalier», nilishuka ngazi, na «j'ai passé deux jours à Nakuru», nilikaa Nakuru siku mbili. Ngazi katika sentensi ile haina kihusishi, basi ni kipozi, na avoir inafuata. Kipozi ndicho kinachoamua. Shuka na shusha ni msaada wa kukumbuka.

Na kwa kuwa unajiandaa kwa mtihani, angalia kwamba «j'ai passé un examen» haina maana ya kufaulu. Ina maana kwamba uliufanya. Ukifaulu utaandika «j'ai réussi à l'examen», na ninakuombea uiandike.

Sahihisho la pili ni la upatanisho. Penye être ya kawaida, participe passé hupatana na kiima: wewe na shangazi ni wanawake wawili, basi descendues yenye -es. Angekuwapo mjomba, hata kama wanawake wangekuwa kumi, ingekuwa descendus. Penye avoir, kiima hakina usemi. Kinachotazamwa ni kipozi, tena kipozi kilichotangulia kitenzi. «J'ai acheté la robe» haibadiliki, kwa kuwa unapoandika acheté, robe bado haijatajwa. «La robe que j'ai achetée» hubadilika, kwa kuwa robe imeshatajwa na que imeibeba mpaka mbele ya kitenzi. Ni hali hiyo hiyo katika «je l'ai achetée» na katika «quelles robes as-tu achetées ?». Linganisha na «nilinunua gauni» na «gauni nililolinunua»: katika sentensi ya pili kitenzi chetu kimejaa alama za ngeli ya LI-YA kwa sababu gauni limetangulia. Mtu ambaye ulimi wake tangu utotoni unasema «barua niliyoiandika» na «vitabu nilivyovinunua» bila kukosea ngeli hana sababu ya kuogopa «la lettre que j'ai écrite» na «les livres que j'ai achetés».

Sahihisho la tatu linahitaji nafasi yake. Nitarudi jioni, nikimaliza kusahihisha madaftari.

Wakala wa Busia

Mwalimu ameeleza vizuri sana, nami ninaongeza kutoka upande wa mazungumzo. Ninafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa mpakani, ambapo malori hupita kuelekea Uganda na kuendelea hadi Rwanda, Burundi na Kongo, na Kifaransa changu nimekikuza kwa kuzungumza na madereva na wenye mizigo.

Katika mazungumzo, kosa la kisaidizi husikika papo hapo, lakini kosa la upatanisho mara nyingi halisikiki, kwa sababu acheté, achetée, achetés na achetées hutamkwa sawa. Husikika tu penye vitenzi ambavyo participe passé yake huishia na konsonanti isiyotamkwa hadi «e» iiamshe: «la porte que j'ai ouverte», «la lettre que j'ai écrite», «la décision que j'ai prise». Kwa hiyo dada anayejiandaa kuzungumza aipe kipaumbele avoir na être kwanza, kisha hivyo vichache vinavyosikika.

Tena kisaidizi kinaweza kugeuza habari yote. «Le chauffeur a payé» ni dereva amelipa. «Le chauffeur est payé» ni dereva analipwa, au ameshalipwa. Tofauti ni silabi moja, lakini katika ofisi kama yetu aliyetoa pesa na aliyepokea si mtu mmoja, na hati iliyoandikwa kimakosa inaweza kumsimamisha mtu hapa siku nzima. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema kwamba kisaidizi ni jambo dogo ilmradi unaeleweka.

Kuhusu kanuni ya kipozi kilichotangulia, inafaa kujua kwamba hata wenye lugha huilalamikia. Ilienezwa katika karne ya 16 na mshairi Clément Marot, aliyeitungia shairi na kuwataja Waitaliano kama mfano wa kufuatwa. Mwaka 2018 Wabelgiji wawili waliokuwa walimu, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walipendekeza hadharani kwamba participe passé inayofuata avoir iachwe bila kubadilika kabisa. Mimi ningefurahi pendekezo hilo likikubaliwa kila mahali. Hata hivyo, anayefanya mtihani aandike «achetée».

MwanaNjoro (Nakuru)

Ninawashukuru sana nyote wawili. Hilo la shuka na shusha limenifungulia mlango, nami nimekaa nikijaribu sentensi: «je suis sortie de la maison», nilitoka nyumbani, na «j'ai sorti les chaises», nilitoa viti nje. Mwalimu, ninasubiri la tatu.

Nina swali jingine kwa yeyote. Mimi huwaza kwa Kiswahili kwanza, kisha ninatafsiri. Je, -li- na -me- zote mbili ni passé composé? Tulipofundishwa hatukutenganishiwa.

Msomaji wa Kakamega

Nijibu hili la -li- na -me-, kwa kuwa nimeona likiwakwaza hata waliosoma Kifaransa miaka mingi.

Kwa vitenzi vingi jibu ni ndiyo. «Nilifika jana» na «nimefika sasa hivi» zote ni «je suis arrivée», na maneno kama hier au déjà ndiyo yanayobeba tofauti. «Nimeshakula» ni «j'ai déjà mangé». Katika ukanushi, ne na pas hukizunguka kisaidizi na kuiacha participe passé nje: «sikufika» ni «je ne suis pas arrivée», na «sijafika» ni «je ne suis pas encore arrivée». Kiswahili kinatenganisha -ku- na -ja-. Kifaransa kinahitaji neno encore.

Hatari iko kwenye -me- inayoeleza hali iliyopo. Mtoto amelala: ukiandika «l'enfant a dormi», umesema kwamba alilala na usingizi umekwisha. Ikiwa bado yuko kitandani, ni «l'enfant dort», wakati uliopo. «Amesimama mlangoni» ni «il est debout à la porte». «Amevaa gauni la buluu» ni «elle porte une robe bleue». «Nimechoka» ni «je suis fatiguée», ambapo fatiguée ni kivumishi tu. Kila unapotaka kutafsiri -me-, jiulize kama jambo limekwisha au kama linaendelea mbele ya macho yako. Likiwa linaendelea, passé composé si mahali pake.

Ndivyo ilivyo kwa muda pia. «Nimeishi Nakuru miaka mitano», na bado unaishi huko, ni «j'habite à Nakuru depuis cinq ans», wakati uliopo pamoja na depuis. «J'ai habité à Nakuru pendant cinq ans» humwambia msomaji kwamba ulishahama. Mtahini akisoma hiyo ya pili, kisha akute mwishoni unamwalika rafiki nyumbani kwako Nakuru, atachanganyikiwa.

Kisha, ona kwamba «était bleue» katika aya yako haikuguswa, na ni haki. Huo ni wakati mwingine uliopita, imparfait, unaoeleza hali au mazoea badala ya tukio. Gauni lilikuwa la buluu, hiyo ni hali. «Nilikuwa nikienda Kibuye kila Jumapili» ni «j'allais à Kibuye tous les dimanches». «Nilienda Kibuye Jumapili iliyopita» ni «je suis allée à Kibuye dimanche dernier». Simulizi nzuri ya safari huchanganya nyakati hizo mbili: imparfait kwa mandhari, yaani mvua iliyokuwa ikinyesha na soko lililokuwa limejaa, na passé composé kwa kila tendo linalosogeza habari mbele.

Mwalimu wa Milimani (Kisumu)

Nimerejea. Msomaji wa Kakamega ameniondolea mzigo mkubwa, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye mikono ya shangazi.

Vitenzi vyenye se (se laver, se lever, se parler) vyote huchukua être katika passé composé. Kisaidizi hakina ubishi. Lakini katika upatanisho, vingi vya vitenzi hivi hufuata mwenendo wa avoir: tunatafuta kipozi, na kama kimetangulia, tunapatanisha. Swali ni kama se yenyewe ndiyo kipozi au ni kitondo, yaani mtendewa.

«Ma tante s'est lavée.» Aliosha nini? Alijiosha mwenyewe. Se ndiyo kipozi, imetangulia kitenzi, nayo inamwakilisha mwanamke mmoja, basi lavée. «Ma tante s'est lavé les mains.» Aliosha nini? Mikono. Kipozi ni les mains, nacho kimekuja baada ya kitenzi. Se imebaki kuwa kitondo, na kitondo hakipatanishi chochote. Basi lavé. Hii ndiyo sababu «e» ilifutwa, na ni sababu ile ile iliyokuongezea «e» katika «que j'ai achetée»: gauni lilikuwa kipozi kilichotangulia, mikono ni kipozi kilichofuata. Kiswahili chetu nacho hutenganisha mambo haya mawili, kwani mtu hujiosha, lakini hanawi kwa kujinawa, hunawa mikono.

Penye watu wawili wanaotendeana, sikiliza kauli ya kutendana. «Walionana» ni «ils se sont vus», kwa kuwa Mfaransa humwona mtu moja kwa moja, voir quelqu'un. «Walipendana» ni «ils se sont aimés». Lakini «waliandikiana» ni «ils se sont écrit», na «walipigiana simu» ni «ils se sont téléphoné», bila -s, kwa kuwa Mfaransa huandika na kupiga simu kwa mtu, écrire à quelqu'un, téléphoner à quelqu'un. Umeiona ile -i- katikati ya andikiana na pigiana? Ndiyo alama ya kauli ya kutendea, nayo inafanya kazi ya à. Usiifuate kila mahali, hata hivyo. Katika «walisaidiana» na «walisalimiana» hiyo -i- ni ya vitenzi vyenyewe, saidia na salimia, na Kifaransa kinasema «ils se sont aidés» na «ils se sont salués» kwa upatanisho kamili. Na «walizungumza» haina -i-, lakini ni «ils se sont parlé», kwa sababu ya parler à. Ukisita, fungua kamusi ya Kifaransa uone kama kitenzi kinadai à mbele ya mtu. Hapo utapata jibu.

Iandike upya aya yako, ongeza sentensi moja ya hali na moja ya kutendana, kisha uiweke hapa tuione.

MwanaNjoro (Nakuru)

«Samedi dernier, je suis allée à Kisumu avec ma tante. Il faisait très chaud. Nous sommes descendues du matatu à Kondele, le chauffeur a descendu nos bagages et nous avons marché jusqu'au marché de Kibuye. Là, ma tante a vu une amie et elles se sont saluées. La robe que j'ai achetée était bleue. Avant de manger, ma tante s'est lavé les mains. Le soir, nous ne sommes pas rentrées à Nakuru, parce que nous étions fatiguées.»

Je, ningeweza kutumia on badala ya nous, kama wanavyosema Wafaransa wenyewe?

Mwalimu wa Milimani (Kisumu)

Aya hii haina kosa. Nimefurahi zaidi kuona «le chauffeur a descendu» ikikaa katika sentensi moja na «nous sommes descendues», na kila moja ikiwa na kisaidizi chake.

Unaweza kutumia on, na kitenzi kisaidizi kitakuwa cha nafsi ya tatu umoja: «on est descendues du matatu». Participe passé inaweza kupatana na watu halisi waliokusudiwa, yaani ninyi wawili, ingawa kisaidizi kiko katika umoja. Wapo pia wanaoandika «on est descendu», nayo inakubalika. Ukishachagua njia moja, ishike mpaka mwisho wa aya. Katika barua rasmi baki na nous. Na ukimwandikia mama mmoja unayemheshimu, utatumia vous, ambayo ina kitenzi cha wingi, lakini participe passé itabaki ya umoja kwa sababu yeye ni mmoja: «Madame, vous êtes arrivée», bila -s.